Majina kwenye lebo

Mwezi uliopita sikuandika, na waliouliza nawashukuru. Tulikuwa tunahama. Baada ya miaka 12 hapa Xiaobei kodi imetushinda, tumepata nyumba upande wa Foshan, vyumba viwili badala ya vitatu. Mliowahi kuhama huku mnaelewa: mwenye nyumba anataka funguo siku aliyosema, gari la mizigo linalipwa kwa safari, na kila kitu ulichokificha nyuma ya mlango miaka yote kinatoka hadharani. Kwetu kilichotoka ni santuri za marehemu baba.

Kwanza niwaambie zilifikaje Guangzhou. Sisi sote tunaondoka mji huu na mabegi yamefura, tunabembelezana na watu wa kaunta kwa kilo mbili za ziada. Kaka yangu ndiye mtu pekee ninayemjua aliyeingia na begi zito akatoka na jepesi. Ilikuwa Oktoba 2017, amekuja kwenye Maonyesho ya Canton kutafuta mashine za kusaga. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, nyumba ya Ngamiani kule Tanga paa linavuja, na ndugu wakakata shauri kwamba mpenda muziki ni mimi. Begi lilikuwa kilo 23 kasoro kidogo. Ndani mlikuwa na santuri 212: LP 36, ndogo za mizunguko 45 zilikuwa 158, na zile nzito za zamani, za mizunguko 78, zilikuwa 18. Kaka alikuwa amezifunga kwa kanga za mama. Kanga zilirudi Tanga na santuri zikabaki kwenye kabati la sebuleni.

Huko ndiko nilikozikosea. Mnaoishi huku kusini mnaijua huinantian, kati ya Februari na Aprili, hewa ya joto yenye unyevu inapotoka baharini na kukutana na kuta ambazo bado zina baridi. Kuta zinatoa jasho, sakafu inateleza, nguo hazikauki. Wenyeji hufunga madirisha siku hizo, lakini mimi miaka ya mwanzo nilikuwa nayafungua nikidhani natafuta upepo! Nilipofungua lile kabati mwezi Machi, majalada yalikuwa na ukungu wa kijivu, mengine yameshikana. Tena nilikuwa nimezilaza, moja juu ya nyingine, na za chini zilikuwa zimejikunja kama chapati iliyoachwa juani. Santuri husimamishwa wima kama vitabu.

Mume wangu hakuwa na maneno mengi. "Bakiza kumi," akasema, "hizo unazozijua." Nikaona ana haki. Tisa zilikuwa zimepasuka, nikazitupa. Halafu nikachambua kama ninavyochambua bidhaa za wateja: zenye mikwaruzo mingi kando, zilizojirudia kando, za bendi nisizozikumbuka kando. Nikapata 46, nikazitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaenda nazo Haiyin, kule kwenye maduka ya spika na amplifaya.

Muuzaji niliyempata ana umri wa hamsini na kitu, mtu mpole. Alianza kupenda muziki miaka ya 1990, kwa zile kanda na CD walizoziita dakou. Kwa asiyejua: ulikuwa mzigo uliobaki kwenye maghala ya Ulaya na Marekani, ukaletwa China kama taka za plastiki, umekatwa kwa msumeno pembeni ili usiuzike. Mwingi uliingilia mkoa huu wetu wa Guangdong. Vijana wakaokota, wakaunga kanda, wakagundua kwamba CD iliyochanjwa ukingoni hupoteza wimbo wa mwisho tu, au haipotezi kitu. Basi mtu wa namna hiyo hatishwi na mkwaruzo. Aliziangalia moja moja kwenye taa, akanipa yuan 15 kwa kila moja. Yuan 690. Zililipa gari la mizigo na chakula cha siku hiyo.

Zikabaki 157. Nikamkabidhi mwanangu wa miaka 11 kazi ya kuzisafisha, nami nikamwelekeza nilivyoelekezwa na yule muuzaji: maji yaliyochemshwa na kutoneshwa, yale ya dukani, na tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, unafuata mifereji kwa mzunguko, lebo isiguswe na maji. Zile za mizunguko 78 spirti isizikaribie, maana hazikutengenezwa kwa plastiki na spirti huziyeyusha. (Huwa naulizwa kama kati ya hizo ipo ya Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928. Haipo, nimetafuta.)

Mtoto anafanya kazi, ananyamaza, halafu anauliza: "Mama, hawa watu ni kina nani?"

Nikadhani anauliza wanamuziki. Kumbe anasoma maandishi ya kalamu. Kwenye lebo, pembeni mwa tundu, mtu ameandika jina lake na namba ya sanduku la posta. Kwenye nyingine jina lingine na "Barabara ya 9". Nyingine "Usikopeshe". Tukaanza kuzitenga. Katika zile 157, santuri 31 zilikuwa na majina ya watu wengine, watu 14. Jina la baba lilikuwepo pia, kwenye nyingi, kwa mwandiko ule wa karani wa reli. Lakini hizi 31 hazikuwa zake.

Nilihisi uso unawaka. Jioni nikampigia mama.

"Mwanangu, baba yako hakuwa mwizi," akasema kabla sijamaliza. "Sisi tulikuwa na mashine. Wao walikuwa na santuri." Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Santuri ndogo mtu wa mshahara wa kawaida aliweza kuinunua mwisho wa mwezi. Mashine ya kuipigia, hapana. Basi mtaa mzima ulinunua santuri na kuzileta Jumapili kwenye nyumba yenye mashine, na ya kwetu ilikuwa mojawapo. Wimbo wenyewe ulikatwa katikati, nusu upande wa kwanza na nusu upande wa pili, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuinuka kugeuza, na mwenye santuri ndiye aliyeinuka. Wengine waliziacha pale pale kwa sababu Jumapili ijayo watarudi.

Na hazikuwa rahisi kuzipata tena. Tanga ilikuwa na bendi zake, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na taarabu ya Black Star na Lucky Star, lakini santuri zenyewe zilichapwa Nairobi. Watu wetu walizifuata Mombasa, kwa Assanand, wale wenye lebo ya Mzuri, wanarudi nazo kwa basi kupitia Horohoro. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Miaka sita hiyo aliyepoteza santuri aliipoteza kweli.

"Yupo mmoja," mama akasema, "fundi saa. Huyo alikuja kuiulizia yake mpaka ukiwa umefungwa. Baba yako akaapa hanayo. Hawakusemezana tena. Siku ya maziko alikuja, akasimama nje, akaondoka."

Ilikuwepo. Ya Cuban Marimba, jina la fundi saa limeandikwa kwa wino wa kijani. Ilikuwa ndani ya jalada la LP ya mtu mwingine, imetelezea huko, na sina namna ya kujua kama baba aliificha au aliapa kwa nia safi. Kwa kweli nimejaribu kuamini la pili. Siku nyingine nafaulu.

Basi tukaanza upya. Zile kanuni zangu za mikwaruzo na bendi nisizozijua nikaziweka pembeni. Tulipiga picha kila lebo yenye jina, kaka akazisambaza kwenye kundi la watu wa mtaa wetu. Ndani ya wiki mbili tukapata watu 8 kati ya 14, wao wenyewe au watoto wao. Wawili wakasema tutupe, hawana pa kuziweka. Mmoja, binti wa marehemu, alilia kwenye simu kwa kuona mwandiko tu, akaomba tumtumie hata kama haina pa kupigwa. Kama nanyi mna mzigo kama huu wa wazee wenu, nawaomba mwanzie kwenye lebo na nyuma ya majalada kabla ya kuulizana ipi nzima na ipi ina bei.

Binamu yangu alikuwa anarudi Dar Alhamisi hiyo. Nikampa bahasha ya fundi saa, ameikumbatia ndani ya ndege kati ya makaratasi magumu mawili. Akaipeleka Tanga mwenyewe. Mzee ana miaka zaidi ya 80, macho hayaoni vizuri, lakini alisoma jina lake. Nikapewa simu niongee naye.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu." Kimya. Halafu: "Na ile nyingine?"

Zilikuwa mbili. Ya pili ni ya Jamhuri Jazz, alizinunua siku moja, akaziandika kwa kalamu moja. Nilijua papo hapo iko wapi, kwa sababu haikuwa kwenye zile 157.

Jumamosi tukaenda Haiyin, mimi na mwanangu. Muuzaji alikuwa amezisafisha zote na kuzivalisha mifuko mipya. Zilikuwa zimebaki 11. Ya wino wa kijani ilikuwepo, ya tatu kutoka mbele. Bei yuan 80. Ni haki yake, amefanya kazi. Mwanangu akaanza kumbembeleza kwa Kikantoni, ambacho mimi baada ya miaka yote hii nakielewa nusu, wakafika 50, nikalipa.

Zile 35 zilizokwisha kuuzwa alikuwa na picha zake kwenye simu, maana alizinadi mtandaoni. Akanitumia zote kwa WeChat, bila kuniuliza kwa nini. Tukazikuza tukiwa bado dukani. Sita zina majina. Matano ni ya watu wa mtaa wetu. La sita ni la mama, jina lake na la babu, kwa mwandiko ninaoujua kutoka barua zote alizoniandikia nikiwa shule ya bweni. Hajawahi kuniambia kwamba naye alikuwa mmoja wa waliokuja na santuri zao Jumapili.

Iko Chengdu. Muuzaji amemwandikia mnunuzi kwa niaba yangu, akaniomba nisitaje bei kabla hajajibu. Hajajibu. Mama naye bado sijamwambia. Ananiuliza tu kama kanga zake zote zilirudi.

Ya fundi saa iko hapa mezani Foshan, ndani ya makaratasi magumu, uzito wake gramu 40 na kidogo. Kama kuna anayesafiri kwenda Dar au Mombasa kabla ya mwisho wa mwezi na begi lake lina nafasi hiyo, wa Xiaobei wanajua pa kunipata.