Mlango wa mbele Lushoto utoke kwa seremala

Masika yakiisha Lushoto, milango nayo huanza kugoma. Mmoja umevimba na haufungiki mpaka usukumwe kwa bega. Mwingine umejikunja na kuacha mwanya pembeni unaopitisha ukungu wa asubuhi hadi sebuleni. Na ule ulionunuliwa dukani mwaka jana tu, wa rangi ya kahawia inayong'aa na maua yaliyogandamizwa juu yake, umefumuka chini kama daftari lililoanguka mtoni. Mwenye nyumba anachukua simu na kumpigia fundi. Anataka mlango mpya, na cha kwanza anachouliza ni bei.

Bei ni swali la haki, maana mlango wa nje si kitu cha kununua kila mwaka. Lakini lipo swali la kulitangulia: mbao zake zilikaushwa kwa muda gani? Mji wa Lushoto umekaa kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Masika huanza Machi na kufika Mei, vuli hushika kuanzia Oktoba hadi Desemba, na katikati yake kuna miezi ya baridi na manyunyu ambapo nguo hukaa kambani siku nzima bila kukauka. Mahali pa hali ya hewa ya namna hiyo, mbao iliyoingia mlangoni na unyevu wake itamlipisha mwenye nyumba baadaye. Ndiyo maana mlango wa mbele katika milima hii ni wa kuagiza kwa seremala, si wa kuchagua dukani kwa kuangalia mng'ao.

Milango ya dukani ina sababu zake za kupendwa. Inapatikana siku hiyo hiyo, imeshapakwa rangi, na mara nyingi huja pamoja na fremu na kitasa. Tatizo liko ndani yake. Mlango wa MDF ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Mlango wa flashi ni fremu nyembamba iliyofunikwa plaiwudi pande mbili, na katikati mara nyingi hakuna kitu zaidi ya vipande vya mbao au hata karatasi ngumu. Yote miwili imekusudiwa vyumba vya ndani, na huko inafaa kabisa. Ikiwekwa mbele, ikapigwa na mvua ya upande, maji huingia kupitia ukingo wa chini ambao haukupakwa rangi, gundi inalegea, na kilichovimba hakirudi tena kilivyokuwa. Kwenye ule wa flashi fundi hana hata cha kuranda, kwa kuwa akipitisha randa mara mbili tu anakutana na uwazi.

Wapo wanaokimbilia chuma. Hoja yao ya usalama ina uzito, na mlango wa bati nene uliochomelewa vizuri humchosha mwizi. Anayechagua njia hiyo auulize unene wa bati kwa geji, akikumbuka kwamba geji ndogo ndiyo bati nene: geji 16 ina karibu milimita 1.6, geji 20 haifiki hata milimita 1. Ahakikishe pia kwamba rangi ya kuzuia kutu imepakwa hadi ndani ya mikunjo na kwenye sehemu zote zilizochomelewa, kwa sababu kutu ya Lushoto huanzia hapo. Bado chuma kina kero moja ambayo mtu wa Mombo, kule chini kwenye joto, hataielewa: asubuhi za Juni na Julai mlango huo huwa baridi kama jiwe la mtoni, na mvuke wa jikoni hugeuka matone upande wake wa ndani. Kwa nyumba ya kuishi, mbao nzuri yenye geti la chuma mbele yake inabaki mpango bora.

Kinachosikitisha ni kwamba habari hii ya milango mibovu inatokea Usambara, milima ambayo jina lake limo katika jina la kitaalamu la mti. Mkulo, ule mti mkubwa wenye harufu ya kafuri, wataalamu wa mimea wanauita Ocotea usambarensis. Mbao yake haiozi kwa urahisi na wadudu huiogopa. Juu kidogo, upande wa Shume, kulikuwa na misitu ya mtarakwa, mbao nyekundu yenye kunukia iliyosifika kwa kutengeneza penseli. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Wajerumani ya Wilkins & Wiese ilijenga njia ya nyaya kutoka Shume hadi Mkumbara, ikawa inateremsha magogo ya mtarakwa kwenye genge hadi kwenye reli ya Tanga. Mbao zilizopita juu ya vichwa vya Washambaa zikaenda kuhudumia wengine.

Misitu iliyobaki leo ni ya kulindwa. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, na Amani, upande wa mashariki, ilipewa hadhi hiyo mwaka 1997 baada ya miaka ya uvunaji mkubwa wa mashine. Mto Zigi, ambao Jiji la Tanga linautegemea kwa maji, unaanzia katika misitu hiyo ya mashariki. Kwa hiyo mwenye nyumba anayenong'onezewa kwamba kuna mbao za mkulo zitakazoletwa usiku, akubali au akatae akijua kwamba anachonunua ni chanzo cha maji cha mtu mwingine. Akatae. Hakuna mlango mzuri kiasi hicho. Na kama nyumba ya babu bado ina mlango wa mkulo au mtarakwa uliochakaa, usitupwe wala kupasuliwa kuni. Mara nyingi kilichooza ni ubao wa chini tu na bawaba zilizolegea. Seremala anaweza kukata sehemu iliyoharibika, akaunga ubao mwingine, na mlango ukaendelea na kazi.

Kwa mlango mpya, mbao za mashambani zinatosha. Shamba la Miti Shume, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, linapanda misindano na saiprasi. Longuza, kule Muheza, kuna mitiki. Mtiki ndio wa kwanza kwa mlango wa nje: una mafuta yake ya asili, hauyumbi sana unyevu ukipanda au kushuka, na mchwa hawaupendi. Ni ghali, na mnunuzi aangalie asiuziwe mti mchanga wenye mbao nyeupe nyingi, kwa sababu uimara wa mtiki uko kwenye kiini chenye rangi ya kahawia, si kwenye nyama ya nje. Mninga unaoletwa kutoka misitu ya miombo ya magharibi nao ni mbao tulivu, unapungua kidogo sana unapokauka, ila uje na hati ya usafirishaji. Saiprasi ni chaguo la mtu wa kipato cha kawaida. Kiini chake kinavumilia hali ya nje kikipewa rangi na kivuli. Msindano usiotiwa dawa uachwe kwa ajili ya kenchi na mbao za kumwagia zege, usipewe kazi ya kusimama mbele ya mvua. Mgrivea, uliojaa kwenye mashamba ya kahawa na mipakani, una sura nzuri ya kupendeza, lakini kazi yake bora ni samani za ndani.

Baada ya mti, ukavu. Mbao iliyotoka kupasuliwa inaweza kubeba maji yanayokaribia uzito wa mti wenyewe. Ikianikwa kivulini kwa mpangilio mzuri, vipande vyembamba vikitenganisha ubao na ubao ili hewa ipite, hesabu ya zamani ya maseremala ni kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mbao laini hutangulia, mbao ngumu huchelewa. Fundi mwenye njaa ya kazi na mteja mwenye haraka hawangoji mwaka. Mlango hutengenezwa kwa mbao za mwezi uliopita, unang'aa siku ya kukabidhiwa, na Januari jua likiwaka unaanza kupasuka kwenye maungio.

Kujua ukweli hakuhitaji chombo cha maabara. Mteja akate kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si mwishoni ambako hukauka mapema, akipime kwenye mizani ya dukani. Akikaushe karibu na jiko, bila kukiunguza, akikipima tena na tena mpaka uzito uache kushuka. Kama kilikuwa gramu 580 na kimebaki 500, maji yalikuwa gramu 80, yaani asilimia 16 ya mbao kavu. Hapo panakaribia kufaa. Asilimia 12 hadi 15 ni bora zaidi. Kama kilianza na gramu 700, huo ni unyevu wa asilimia 40, na mlango haujafika wakati wake. Seremala anayejiamini hatakasirika kupimiwa mbao zake.

Umbo nalo lina maana. Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake, karibu haibadiliki kwa urefu. Mlango wa paneli uliotengenezwa inavyotakiwa unalijua hilo: miimo na mataruma yameungwa kwa ulimi na tundu, lakini paneli zimeingizwa kwenye mfereji bila gundi, zipate kusogea. Fundi anayepigilia misumari au kumwaga gundi pande zote nne za paneli, akidhani anaimarisha, ndiye anayeipasua. Maseremala wa pwani waliofanya milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar walitumia mbao nene, na milango yao mingi imepita miaka 100 ikiwa bado inafunguka na kufungwa. Uchongaji ndio unaopigwa picha, ila uhai wa milango ile uko kwenye unene, kwenye maungio, na kwenye mafundi waliokubali kwamba mti unapumua.

Halafu kuna ukingo wa chini, mahali ambapo karibu kila mlango wa Lushoto hufia. Ncha ya ubao hunyonya maji kuliko ubavu wake mara nyingi, na ncha hizo ziko chini, sehemu isiyoonekana. Mlango ung'olewe kabla ya kupakwa, ulazwe, upewe tabaka mbili au tatu za rangi ya mafuta kwenye ukingo wa chini na wa juu, ndipo urudishwe kwenye bawaba. Kizingiti kiinamie nje. Mbele ya ubao wa chini kipigiliwe kipande cha mbao chenye kifereji upande wa chini, kitakachodondosha maji mbali na nyufa. Na kama mlango unaelekea upande mvua inakotoka, paa liongezwe nusu mita au zaidi juu yake. Baraza fupi hugharimu chini ya mlango wa pili, na hulinda mlango kuliko vanishi yoyote ya dukani.

Lawama haimwendei mteja peke yake. Seremala wa Lukozi au Soni hawezi kufunga mtaji wake mwaka mzima katika mbao zinazoanikwa huku ada ya shule inadaiwa. Hapa ndipo halmashauri, shirika la viwanda vidogo, SIDO, na TFS wanapoweza kufanya jambo la maana: kibanda cha pamoja cha kukaushia mbao kwa jua, chenye paa la plastiki ngavu, ukuta uliopakwa rangi nyeusi na feni ndogo ya kuzungusha hewa. Kibanda cha namna hiyo hukausha mbao laini za inchi moja kwa wiki chache badala ya miezi mingi. Ujuzi haupo mbali, maana taasisi ya utafiti wa misitu, TAFORI, ina kituo chake Lushoto, na mafunzo ya viwanda vya mbao yapo Moshi. Maseremala wakijiunga wachangie gharama, kila mmoja aweke mbao zake kwa zamu na kuzitoa zikiwa na cheti cha unyevu kilichoandikwa kwa kalamu juu ya ubao wenyewe. Hapo mteja atakuwa na kitu cha kukilinganisha na mng'ao wa dukani.