Makuta ya chakula yanaisha kabla ya mwezi: tusilaumiane, tuhesabu pamoja

Mashemasi wanaotembelea jamaa za Uvira wanarudi na habari ile ile. Makuta ya chakula yanaisha tarehe 18 au 20, na kutoka hapo nyumba inaishi kwa deni la duka. Baba anasema mama hajui kupanga. Mama anajibu kwamba baba hajakanyaga soko la Mulongwe tangu mwaka jana, basi bei atazijulia wapi? Watoto wanasikiliza. Magomvi haya yamefika mbele ya wachungaji wetu, na mara nyingi tumeyajibu kwa fundisho juu ya kiasi na uvumilivu, kisha maombi.

Fundisho hilo ni jema, lakini halitoshi. Tukikaa na jamaa na kuhesabu pamoja nao, tunakuta kwamba nyingi zinapanga, tena kwa uangalifu. Mpango unavunjika kwa sababu bei ya chungu katika mji wetu inafuata mambo yasiyojua kalenda ya mshahara: njia, mpaka, thamani ya faranga, na giza la usiku ziwani. Jambo la tano linatoka kwetu wenyewe, kanisani. Tuyatazame moja moja.

Njia na mpaka

Uvira inakula kutoka pande nne. Kaskazini kuna uwanda wa Ruzizi, unaotupa mchele wa Luvungi na Sange, mahindi, muhogo na nyanya. Kusini, kwa njia ya Makobola na Baraka, kunatoka mawese, muhogo na samaki. Kwa Kavimvira na Gatumba tunapata bidhaa za Bujumbura. Na kwa bandari ya Kalundu tunapokea mizigo ya Kigoma na ya Mpulungu, Zambia. Njia moja ikifungwa, tunabanana kwenye zile zinazobaki, na bei inapanda hata kwa kitu ambacho hakikupita kwenye njia iliyofungwa.

Tumeyaona haya kwa macho yetu. Februari 2025 Bukavu, kisha Kamanyola, zilichukuliwa na AFC/M23, na barabara namba 5 ikakatwa na mstari wa vita. Serikali ya jimbo ikahamia kwetu, na watu wengi wakaja pamoja nayo. Mwanzoni mwa Desemba 2025 mapigano yakashuka kupitia Luvungi na Sange. Tarehe 10 Desemba wapiganaji wakaingia Uvira, siku sita tu baada ya makubaliano kutiwa sahihi Washington. Watu zaidi ya 80,000 wakakimbilia Burundi, na mpaka ukafungwa. Wapiganaji wakaondoka mjini Januari 2026.

Wengi walitumaini kwamba bei zingerudi siku ile ile. Hazikurudi, na sababu iko shambani. Desemba mazao ya msimu A yalikuwa bado ardhini kule Ruzizi. Mkulima aliyekimbia hakupalilia, na wengine hawakuvuna kwa wakati. Pengine mbegu ya kupanda iliibiwa, au ililiwa njiani. Kile kilichokosekana Januari hakiletwi na tangazo la amani. Kinangoja msimu B, unaopandwa Februari na Machi na kuvunwa kuelekea Juni na Julai. Jamaa inayojua hivyo haitapanga miezi hii kwa bei za mwaka jana, na mume hatamwuliza mke kwa nini makuta yale yale hayanunui kilo zile zile.

Dola na faranga

Jambo la pili liliwashangaza wengi. Mwanzoni mwa 2025 dola moja ilibadilishwa kwa zaidi ya faranga 2,800. Katika miezi ya mwisho ya mwaka huo faranga ilipata nguvu, na dola ikashuka mpaka chini ya 2,500. Mjini Kinshasa hiyo ilitangazwa kuwa habari njema, na kwa mwalimu au muuguzi anayelipwa kwa faranga ingeweza kuwa hivyo.

Lakini jamaa nyingi za kwetu zinasaidiwa na mtoto aliye Nairobi, Marekani au Norway, na wengine wanafanya kazi katika mashirika yanayolipa kwa dola. Tuseme jamaa inapokea dola 100 kwa chakula. Kwa 2,800 inapata faranga 280,000. Kwa 2,300 inapata 230,000. Tofauti ni 50,000. Ikiwa nyumba hiyo inatumia faranga 8,000 kwa siku, zimepotea siku sita za kula, wala hakuna aliyefanya ubadhirifu.

Je, bei za faranga hazikupaswa kushuka pia? Zingepaswa, kwa vitu vinavyonunuliwa nje. Ila mwenye duka aliyenunua mzigo kwa kiwango cha zamani anasitasita kushusha, na mahali ambapo bidhaa ni chache hakuna wa kumsukuma. Bei ya kupanda inapanda lifti ya gari, bei ya kushuka inashuka kwa miguu.

Kwa hiyo tunashauri: bajeti ya chakula iandikwe kwa faranga, maana soko la chakula linalipwa kwa faranga. Anayepokea dola abadilishe kwanza makuta ya majuma mawili, kisha yaliyobaki katikati ya mwezi. Hatujui kesho kiwango kitaelekea wapi, na kugawa mara mbili kunapunguza maumivu kikigeuka.

Mwezi wa angani

Jambo la tatu wavuvi wanalijua kuliko wahasibu. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta kwa sababu kuna giza. Mbalamwezi inapokuwa kubwa, taa haina nguvu, na mitumbwi inakaa ufukweni karibu juma moja au zaidi. Kila mzunguko wa mwezi, basi, una majuma ya wingi na majuma ya uhaba, na bei inafuata.

Mzunguko huo una siku 29 na nusu, kwa hiyo hauendi sawa na miezi ya kalenda. Mwezi mmoja uhaba unaangukia siku ya mshahara, mwezi mwingine unaangukia tarehe 20, wakati mfuko umekauka. Mama anayenunua ndagala kwa kiasi kile kile kila juma ataona bajeti yake imevunjika bila kujua imevunjikia wapi. Yule anayetazama juu usiku atanunua zaidi wakati wa giza, atawaanika vizuri juani, na wakati wa mbalamwezi atapika maharage au sombe na kutia ndagala wachache kwa ladha.

Tusisahau pia kwamba katika majuma hayo nyumba za wavuvi wenyewe hazina mapato. Shemasi anayepanga ziara Kalundu au Kilomoni afanye ziara hizo wakati wa mbalamwezi, ndipo atakuta njaa ilipo. Na mataifa ya ziwa yamekuwa yakijaribu kupumzisha ziwa: Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane. Jambo hilo ni la hekima kwa watoto wetu, lakini miezi mitatu ni mirefu kwa anayekula kutokana na wavu.

"Nunua kwa wingi": ushauri mzuri, mji mgumu

Katika semina za jamaa tunafundishwa kununua gunia zima, kwa sababu anayenunua kopo kwa kopo analipa zaidi. Hiyo ni kweli. Mawese ya mfuko mdogo, chumvi ya kipimo kidogo na makala ya rundo dogo ni ghali kuliko bidoni na gunia. Maskini hulipa bei kubwa kwa kuwa hana makuta ya kununua mara moja.

Lakini tuseme wazi kile ambacho mwenye semina wa mbali hakioni. Aprili 2020 mto Mulongwe ulibomoa maelfu ya nyumba katika mji huu, na magunia yakaenda na maji. Baadaye ziwa lenyewe likapanda na kuingia vyumbani Kavimvira na Kalundu. Desemba 2025 watu walitoka usiku na kile kinachobebeka kichwani, na waliporudi wengi walikuta ghala tupu. Mama anayenunua kidogo kidogo baada ya hayo si mpumbavu. Amejifunza kwamba gunia halikimbii.

Tunapendekeza njia ya katikati. Nyumba ihifadhi chakula kikavu ambacho watu wawili wanaweza kubeba: unga kilo 10, maharage, chumvi, ndagala waliokauka. Kilichozidi hapo kinunuliwe na jamaa tatu au nne pamoja, gunia moja ligawanywe siku ile ile. Kila mmoja anapata bei ya gunia, na hakuna anayelala na gunia zima.

Mwezi una siku ngapi?

Kuna kosa moja dogo la hesabu tulilolikuta katika nyumba nyingi, hata za waliosoma. Makuta ya chakula yanagawanywa kwa nne, kwa sababu mwezi "una majuma manne". Majuma manne ni siku 28. Mwaka una miezi saba yenye siku 31 na minne yenye siku 30. Hizo siku mbili au tatu hazina makuta, na ndizo zinazoanzisha deni la duka. Deni hilo linakatwa kwenye mshahara unaofuata, na mwezi unaofuata unaanza ukiwa umepungua tayari.

Tuseme nyumba ina faranga 240,000 za chakula. Ukigawa kwa nne, unatumia 60,000 kwa juma, na tarehe 28 zimeisha. Ukigawa kwa siku 30, unapata 8,000 kwa siku, yaani 56,000 kwa juma, na tarehe 28 zinabaki 16,000 kwa siku mbili. Katika mwezi wa siku 31 ugawe kwa 31. Tofauti ya kila juma ni 4,000 tu, lakini inafikisha nyumba mwisho bila kukopa. Wana wa Israeli jangwani waliokota mana kwa kipimo cha siku, na siku ya sita waliokota ya siku mbili kwa kuwa walijua sabato inakuja. Hesabu ya siku si jambo geni kwa watu wa Mungu.

Sehemu yetu, sisi kanisa

Hapa tunasema bila kumlenga mtu. Tulipoomba jamaa chache ziandike matumizi yote ya mwezi, kulikuwa na mstari ambao wengi waliuacha wazi kwanza, kisha wakaujaza kwa aibu: michango. Ujenzi, mapokezi ya mgeni, sare ya kwaya, mkutano wa akina mama, harusi, msiba. Hatuzungumzi juu ya sadaka na fungu la kumi, ambayo mshiriki anayajua mapema. Tunazungumza juu ya tangazo la Jumapili linalodai makuta kabla ya Ijumaa. Mama hawezi kulikataa mbele ya watu, na mahali pa kuyatoa ni pamoja tu, chungu.

Msiba haupangwi. Mengine yote yanaweza kupangwa. Tunaomba halmashauri za makanisa ya mahali zifikiri juu ya mambo manne.

Kwanza, kalenda ya michango ya miezi mitatu isomwe mapema, ili kila nyumba ijue. Pili, mchango mpya usitangazwe katika siku kumi za mwisho wa mwezi. Tatu, majina ya wasiotoa yasisomwe. Jambo hilo limewafanya washiriki wengine wakope kwa riba ili wasiaibike katika nyumba ya Bwana. Nne, vikundi vya AVEC vilivyo kanisani viweke mfuko mdogo wa mkopo wa chakula bila riba, wa kulipwa ndani ya siku 30, na makuta yasilundikwe kwenye sanduku. Vikundi vingi hugawana mwishoni mwa mwaka, na Desemba 2025 ilitufundisha kwamba sanduku lililojaa ni hatari hata likiwa na kufuli tatu.

Ndani ya nyumba nako kuna neno kwa akina baba. Mwezi huu, nenda sokoni pamoja na mama mara moja, ukabebe mfuko, uulize bei ya mchele, mawese na makala. Kisha kaeni na daftari, yeye aseme anavyofanya mpaka tarehe 30 ifike. Uliza kabla ya kushauri. Wengi wetu tutagundua kwamba alikuwa akipunguza sahani yake mwenyewe kuanzia tarehe 20, wala hakutuambia.

Vita na kiwango cha dola hatuwezi kuviondoa kwa bajeti. Lakini lawama ndani ya nyumba tunaweza kuiondoa, na tangazo la mchango wa ghafula tunaweza kuliondoa Jumapili ijayo. Tuanze na hayo mawili.