Ukiposti picha ya Vuma, weka na saa ya maji

Wasee, hebu tuongee ukweli kuhusu hizi picha za majabali ya Vuma.

Kama hujafika, Vuma iko karibu na Takaungu, kaunti ya Kilifi. Usitarajie mchanga mweupe wa hoteli. Ni majabali ya matumbawe ya kale, makali kama wembe, na katikati yake vighuba vilivyojificha ambamo wimbi huingia kwa kishindo na kurusha maji juu. Ni pazuri ajabu, hasa asubuhi jua likitokea baharini. Sikuambii usiende. Nenda, piga picha. Lakini ukiposti, andika na saa ya maji.

Kwa nini? Kwa sababu picha haina saa. Umeshuka ghubani maji yakiwa yamekupwa, mwamba umekauka, umepozi fiti. Wiki ijayo msee wa Nairobi anaiona hiyo picha, anapanda basi, anasimama pale pale uliposimama. Tofauti ni kwamba yeye amepata maji yanajaa.

Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa inasogea kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Huo ni urefu unaozidi mlango wa nyumba yako. Njia uliyoshukia inaweza kufunikwa ukiwa bado unachagua filta.

Na kuna misimu. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, bahari huchafuka. Picha ya Januari isikudanganye Julai. Hata ukingo wenyewe si wa kuaminika: mawimbi hula jabali kutoka chini, kwa hivyo unaweza kusimama juu ya kitu kilicho wazi chini yake na usijue.

Sasa fikiria tunavyopiga hizi picha. Anayepigwa ameipa bahari mgongo. Anayepiga ameangalia skrini. Bahari inaangaliwa na nani?

Kuna wanaosema dawa ni kuficha mahali, usitaje jina. Zii. Kila bodaboda wa Takaungu anapajua, na mwenye hamu atafika tu. Ukificha jina, umemnyima mwenzako nafasi ya kuuliza. Wengine wanataka ua na tiketi. Hapo atakayeumia kwanza ni mwenyeji anayetafuta kitoweo kwenye miamba hiyo, si wewe mgeni wa wikendi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na haya hayahitaji digrii. Ukifika, tafuta mvuvi au kijana wa hapo, msalimie vizuri, muulize: maji yanaanza kujaa saa ngapi, na leo ni bamvua au maji mafu? Akikusindikiza, mpe chake. Unalipia bando bila kunung'unika, na huyu ndiye anayekurudisha nyumbani.

Halafu chini ya picha ongeza mstari mmoja: tarehe, saa, maji yalikuwa yamekupwa au yanajaa. Haitakupunguzia laiki hata moja. Na yule atakayefuata nyayo zako ataenda akijua picha yako ilipigwa wakati bahari imekubali.