Mwamba Ngoma na Vitabu vya Wasafiri

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii yawafaa sana waandishi wa vitabu vya safari na wale wanaoandika habari za maisha yao wenyewe. Mtu amekwenda mbali, amerudi, ameketi mezani na kuandika aliyoyaona. Sisi tuliobaki nyumbani hatukuwapo. Yeye ndiye mshitaki, yeye ndiye shahidi, na mara nyingi yeye ndiye hakimu. Je, tumwamini kwa kiasi gani?

Huenda msomaji akadhani kwamba hili ni swali la mabwana wa vyuo vikuu. Sivyo. Kijana wa Kathonzweni akitaka leo kujua jinsi watu wake walivyoishi kabla ya reli na kabla ya serikali ya kikoloni, akitafuta katika maandishi atakuta kwamba mengi ya mwanzo yaliandikwa na wageni waliopita njiani. Mwenyeji aliyempa mgeni huyo maji, chakula na kiongozi wa njia hakuandika kitabu. Kwa hiyo swali la uaminifu wa msafiri ni swali la urithi wa kijana huyu, wala si la anasa ya kusoma.

Na tuanze na msafiri aliyeonewa. Mmisionari Ludwig Krapf aliondoka Rabai mwaka 1849 akaja Ukambani. Alipitia nchi ya Kikumbulyu, upande wa Kibwezi ya leo, akafika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa ambaye misafara yake ilikuwa ikishuka hadi pwani. Kivoi alimweleza habari za mlima mrefu wenye weupe kileleni, na tarehe 3 Desemba 1849 Krapf akauona kwa macho yake kutoka mbali. Jina alilolisikia kwa wenyeji wake aliliandika Kenia, na mahali pengine Kegnia. Ndilo hili ambalo nchi yetu inaitwa kwalo.

Habari hizo zilipofika Ulaya, mtaalamu mmoja wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, alizikataa. Alikuwa amekwisha kuikataa habari ya mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, aliyeuona Kilimanjaro mwaka 1848. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Cooley hakuwahi kukanyaga bara hili, lakini alikuwa na vitabu na ramani, akaona vyatosha. Ilibidi miaka ipite. Joseph Thomson aliuona Mlima Kenya mwaka 1883, na mwaka 1899 Halford Mackinder akafika kilele cha Batian. Theluji ilikuwapo. Kivoi alikuwa amesema kweli, na Krapf alikuwa amesema kweli.

Hapa pana funzo la kwanza. Kutoamini nako kwaweza kuwa ujinga. Msomaji anayekataa kila asilolijua hana tofauti na yule anayemeza kila anachoambiwa, kwani wote wawili hawataki kuhangaika kupima.

Lakini Krapf anatufundisha jingine lililo kubwa zaidi. Mwaka 1851 alirudi Ukambani, akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Njiani walishambuliwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbilia porini peke yake. Katika kitabu chake hakujifanya shujaa. Asimulia jinsi alivyoteswa na kiu, jinsi alivyofika mtoni akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, na jinsi maji ya bunduki yalivyomwagika kwa kukwaruzwa na vichaka. Asimulia pia kwamba ndugu za Kivoi walimlaumu kwa kurudi hai ilhali mwenyeji wake amekufa. Mtu anayetaka kujisifu angeyaficha haya. Mwandishi akikuonyesha aibu yake mwenyewe, na akakutajia jina la aliyemwongoza, una sababu ya kumsikiliza kwa makini. Si kwamba kila neno lake ni kweli. Krapf alikuwa mhubiri, na aliyapima mengi ya Wakamba kwa kipimo cha dini yake. Hata hivyo tunaweza kutenga alichokiona na alichokihukumu.

Sasa tutelemke kusini, tufuate njia ya reli mpaka Tsavo. Kitabu cha John Patterson juu ya simba wala watu kilitoka mwaka 1907, na tangu hapo kimesomwa duniani kote na kutengenezewa sinema. Patterson alifika Tsavo mwezi Machi 1898 kujenga daraja la Reli ya Uganda. Simba wawili madume wakawa wanawatoa wafanyakazi mahemani usiku na kuwala, hata kazi ikasimama. Alimwua wa kwanza tarehe 9 Desemba 1898, na wa pili tarehe 29 mwezi huo huo. Hakuna anayebisha juu ya hayo. Ngozi za simba hao alizitumia kama mazulia kwa miaka mingi, kisha akaliuzia jumba la makumbusho la Field huko Chicago, na wako huko mpaka leo.

Ubishi uko katika hesabu. Katika kitabu chake Patterson alitaja Wahindi 28 waliouawa, na Waafrika wengine wengi ambao hakuna aliyewaandika. Baadaye, katika kijitabu cha makumbusho ya Chicago cha mwaka 1925, jumla ikawa watu 135. Simba ni wale wale, nao walikuwa wamekufa zamani, lakini idadi ilipanda. Mwaka 2009 wataalamu walichapisha matokeo ya kupima mifupa na nywele za simba hao, kwani chakula cha mnyama huacha alama mwilini mwake. Walikadiria kwamba wawili hao walikula watu wapatao 35. Kwa haki hapana budi tuseme kwamba kipimo hicho chaonyesha walioliwa tu, si aliyeuawa akaachwa. Hata hivyo 35 ni mbali na 135.

Wengi watasema, basi Patterson alitia chumvi, mambo yakaisha. Sisi twaona kwamba hapo ndipo yanapoanza. Kwa nini ilikuwa rahisi hesabu kupanda? Ni kwa sababu hapakuwa na daftari lililotunza majina ya Waafrika waliokufa. Mhindi aliyeletwa kwa mkataba aliandikwa, kwa kuwa mkataba ulitaka hivyo. Mtu wa nchi hii aliyechukuliwa na simba usiku hakuandikwa popote, na pale palipoachwa wazi kila msimulizi aliweza kujaza apendavyo. Chumvi ya Patterson tunaweza kuipima katika maabara. Majina ya wale waliosahauliwa hayawezi kupimwa na maabara yoyote.

Tena tukumbuke kwamba miaka ile ile ya mwisho wa karne ya kumi na tisa wazee wa Ukambani hawakuiita miaka ya simba. Waliiita Ngomanisye, njaa iliyoenea kila mahali. Mvua zilikatika, na sotoka ilikuwa imekwisha kuteketeza ng'ombe na nyati. Wataalamu wengine huona kwamba kupungua kwa wanyama ni moja ya sababu zilizowasukuma simba kuwageukia watu, pamoja na ubovu wa meno ya mmoja wao. Msomaji wa London alipewa simba wawili. Bibi wa Kathonzweni aliwaachia wajukuu wake njaa. Wote wawili walikumbuka wakati mmoja, lakini ni kumbukumbu moja tu iliyokwenda kwa mchapishaji.

Je, kuna dawa? Iko, nayo ni shahidi wa pili. Mfano mzuri tunao katika Kiswahili chetu wenyewe. Henry Stanley alitoa kitabu mwaka 1878 juu ya safari yake ya kuvuka Afrika, akaeleza jinsi alivyopatana na Tippu Tip amsindikize kuufuata mto Kongo. Kwa robo karne Ulaya ilijua habari hiyo kwa kinywa cha Stanley peke yake. Kisha Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, akasimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Humo Tippu Tip alalamika kwamba aliyoahidiwa na Stanley hakulipwa, na masharti anayoyataja hayalingani na yale ya Stanley. Ghafla msomaji akawa na vitabu viwili juu ya mapatano mamoja, na kazi ya hakimu ikawa yake mwenyewe.

Lakini tusije tukajidanganya kwamba mradi msimulizi ni wetu, basi ni mkweli. Tippu Tip naye aliamba ngoma yake. Vita vyake, pembe zake na ujanja wake vimejaa kurasani. Wale waliotekwa na kuchukuliwa kwa minyororo hawapewi nafasi ya kusema. Na vitabu vya wakubwa wa siku hizi vivyo hivyo. Mwanasiasa aliyestaafu huandika jinsi alivyoshauri vema na jinsi wenzake walivyokataa kusikia. Nadra kumkuta aliyeandika kwamba yeye ndiye aliyekosa. Rangi ya mwandishi na lugha yake si dhamana ya ukweli.

Yatupasa basi tusome kwa maswali machache. Mwandishi alikuwapo, au alisikia? Aliandika siku zile zile, au baada ya miaka ishirini? Nani alimwonyesha njia, naye amemtaja kwa jina? Yuko mahali popote aliposhindwa au alipoogopa? Idadi zake zatoka wapi? Na mwisho, ni nani katika habari hii ambaye hakuulizwa? Mwalimu yeyote aweza kuyaandika maswali haya ubaoni na kuwaachia wanafunzi wakitafune kitabu chochote cha safari. Watafurahia kitabu vile vile. Hadithi ya simba haipungui utamu kwa sababu umeuliza hesabu.

Jambo la haraka zaidi lakini ni la mashahidi wetu. Wakamba wengi walikwenda vitani mwaka 1939 hadi 1945 katika jeshi la King's African Rifles, na baadhi yao walipigana Burma. Walisafiri mbali kuliko wageni wengi waliotuandika. Waliona bahari, meli, miji ya India na misitu ya Asia, wakarudi kulima ndengu na mtama. Karibu wote wamekwenda zao, na kitabu cha safari cha askari kama hao ni adimu. Waliobaki ni watoto wao, nao ni wazee sasa. Wapo pia wazee waliojenga barabara, waliopika katika nyumba za walowezi, waliohama na mifugo kutafuta maji. Wao ndio shahidi wa pili ambaye msomaji wa kesho atamhitaji.

Simu ya mkononi iliyo mfukoni mwa mjukuu yaweza kunasa sauti ya nyanya yake jioni moja tu. Daftari la shilingi chache laweza kutunza majina, mahali na miaka. Mjukuu aulize yale yale ambayo tungemwuliza Patterson, kwa adabu lakini bila kuogopa: Nyanya, uliona mwenyewe au uliambiwa? Walikuwa wangapi? Nani mwingine alikuwapo? Ndipo siku moja mgeni atakapochapisha kitabu juu ya Kathonzweni, atakuwapo mtu wa Kathonzweni wa kukifungua na daftari lake kando, aseme hapa umesema kweli, na hapa ngozi umeivutia kwako.