Gari ya umeme ya mwaka jana: tuibadilishe au tuikalie?

Mwezi hauishi siku hizi bila ya kusikia gari mpya ya umeme imetoka, na kila inayotoka inasifiwa kuwa imeipita ya jana. Februari 2025 kampuni ya BYD ya China ilitangaza kwamba mfumo wake wa kumsaidia dereva utatiwa hata kwenye gari zake za bei ndogo, bila ya kuongeza bei. Machi ikaonesha mfumo wa kuchaji unaofika kilowati 1,000, ikasema dakika 5 zinatosha kuipa gari umeme wa kwenda kilomita 400. Mei ikashusha bei za aina 22 za gari zake huko China, nyingine hadi asilimia 34.

Kwa ambaye hajanunua, hizo ni khabari njema. Lakini aliyenunua mwaka jana zinamkereketa. Gari bado inanukia upya, mkopo haujafika hata robo, na tayari anajihisi ameachwa nyuma. Hapa Maskati swali hili nalisikia kwenye harusi na nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa: niirudishe kwa wakala niongeze pesa nichukue mpya, au nikae nayo?

Rai yangu naiweka mbele kabisa. Kwa familia nyingi zilizonunua gari ya umeme miaka miwili hii, kuibadilisha sasa ni khasara, na khasara yenyewe ni kubwa kuliko anavyoisema muuzaji. Nitaeleza kwa nini, kisha nitasema ni wakati gani kubadilisha kuna maana.

Bei haijatulia

Sisi watu wa Ghuba tumezoea Land Cruiser. Unaiendesha miaka mitano, unaiuza, na bado unapata pesa ya maana. Gari ya umeme haijafika huko. Inazeeka kama simu: chombo chenyewe kizima, lakini bei imeshuka kwa sababu kimetoka kipya.

Mifano ipo. Januari 2023 Tesla ilishusha bei zake China, na watu waliokuwa wamenunua kabla ya hapo wakaenda madukani kwake kudai tofauti yao. Kampuni ikasema haina mpango wa kuwafidia. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2024, kampuni ya kukodisha gari ya Hertz ilitangaza kuwa inauza gari 20,000 za umeme, karibu thuluthi moja ya zote za namna hiyo ilizokuwa nazo, na ikaandika khasara ya dola milioni 245 kwa kuanguka thamani yake. Ikiwa kampuni ya ukubwa ule imeshikwa na bei, sisi wenye gari moja uani ndio tutasalimika?

Sababu yake si fumbo. Betri ndiyo kitu ghali kuliko vyote ndani ya gari hizi, na bei ya betri imekuwa ikishuka. Pia viwanda vya China vimekuwa vingi na vinapigania soko. Kila anayeshusha bei ya gari mpya, anaishusha na yako iliyopo mlangoni.

Tupige hesabu

Mtoto wa kaka yangu anakaa Seeb. Aliniuliza, "Ami, wakala ananipa bei nzuri nikirudisha hii. Nifanyeje?" Nikamwambia alete kalamu. Tarakimu za gari hapa chini ni za mfano tu, kila mmoja atie zake.

Tuseme gari ilinunuliwa riali 12,000. Baada ya mwaka wakala anaichukua kwa 8,000, na mpya ni 13,000. Maana yake unatakiwa utoe riali 5,000 nyingine.

Sasa tutazame akiba iliyokufanya ununue gari ya umeme mwanzo. Oman iliweka kikomo cha bei ya petroli tangu Novemba 2021: baisa 229 kwa lita ya M91. Gari ya petroli inayokwenda kilomita 10 kwa lita, ikitembea kilomita 20,000 kwa mwaka, itakunywa lita 2,000, yaani riali 458. Gari ya umeme kwa masafa hayo hayo itataka kama yuniti 3,600. Ukichaji nyumbani katika daraja la chini la matumizi, ambapo yuniti haifiki baisa 20, hutozidi riali 72. Akiba ni kama riali 386 kwa mwaka, na hupungua wakati wa joto, viyoyozi vikikupandisha daraja, au ukiwa unachaji sana nje.

Gawa 5,000 kwa 386. Unapata karibu miaka 13. Pesa unayoongeza kubadilisha gari ni sawa na akiba ya petroli ya miaka 13! Na gari mpya haikuletei akiba nyingine, kwa sababu uliyonayo tayari hainywi petroli.

Kuna atakayesema: ile 4,000 iliyoanguka mwaka wa kwanza imeshakwenda, niuze nisiuze. Kweli. Lakini mwaka wa kwanza ndio unaokula zaidi, na ukichukua mpya unauanza tena. Anayekaa na gari yake ameshaulipa. Anayebadilisha anaulipa mara ya pili.

Hapo bado sijautia mkopo. Kama deni lililobaki ni kubwa kuliko bei anayokupa wakala, tofauti ile itahamia kwenye mkataba mpya, na utakuwa unailipia gari ambayo huna tena. Hata kwenye murabaha, usidhani ukilipa mapema faida iliyobaki inafutika yenyewe. Iulize benki, na jawabu ulitake kwa maandishi kabla hujatia saini.

Unanunua gari au unanunua tangazo?

Hizo dakika 5 za kuchaji si za gari peke yake. Zinataka na kituo chenye nguvu hiyo. Gari ya kisasa ukiichomeka kwenye chaja ya kilowati 50 au 100, itapokea kile ambacho chaja inatoa, haitazidi. Kabla hujalipia kasi, fungua programu ya vituo utazame njia zako mwenyewe: Nizwa, Sur, Dubai. Na kama gari inalala nyumbani kwenye chaja ya kilowati 7, betri ya yuniti 60 itajaa usiku mmoja. Wengi wetu tunakwenda kazini na shule ya watoto tukarudi. Safari za kuhesabu dakika za kuchaji ni chache kwa mwaka.

Mifumo ya gari kujiendesha nayo ni hivyo hivyo. Usiilipie mpaka ujue kwamba inafanya kazi na inaruhusiwa katika nchi unayokaa. Hata aliyenunua Tesla akalipia mfumo huo, Januari 2025 alimsikia Elon Musk akikiri kwamba kompyuta za gari za zamani itabidi zibadilishwe ndipo ahadi itimie.

Jambo la tatu ni gari zinazoletwa na wafanyabiashara moja kwa moja kutoka China, si kupitia wakala. Bei yake inavutia sana. Lakini nyingi zina tundu la kuchajia la mtindo wa China, wakati vituo vyetu vingi vya kasi vina kichwa cha CCS2. Programu yake huenda ikawa ya Kichina, na wakala wa hapa anaweza kukataa dhamana. Ukiitupa gari yenye dhamana ya betri ya miaka 8 ukachukua isiyo na mwenyewe, umerudi nyuma.

Lini inafaa kubadilisha

Sisemi watu wakae na gari zisizowafaa. Familia imeongezeka na viti havitoshi, hiyo ni haja. Umehamishiwa kazi Salalah na wazee wako Maskati, kilomita karibu 1,000, na gari yako inakwenda 250 kwenye joto, hiyo ni haja. Gari isiyo na mfumo wa kupoza betri, kama zilivyokuwa Nissan Leaf za mwanzo, katika jua letu itachoka mapema. Lakini betri ikipungua chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye dhamana, mara nyingi asilimia 70, usiuze. Dai haki yako kwanza.

Ndugu zetu walioko Uingereza wana hesabu yao. Gari za umeme zimeanza kulipa kodi ya barabara tangu Aprili 2025, na London iliondoa msamaha wa ada ya msongamano Desemba 2025. Huko Marekani msaada wa serikali wa hadi dola 7,500 ulikwisha tarehe 30 Septemba 2025. Aliyenunua wakati wa msaada ana gari aliyoipata kwa bei ambayo leo haipo. Ana sababu zaidi ya kuikalia.

Na wale wenye fikra ya "nitaipeleka nyumbani nikichoka nayo", wakumbuke usukani. Gari za huku ni za usukani wa kushoto. Kenya haisajili gari ya namna hiyo ila kwa kazi maalumu, na kuiendesha katika vichochoro vya Unguja si raha. Mlango huo usiuhesabu kuwa ni akiba.

Kwa hivyo mtoto wa kaka yangu nilimwambia: gari uliyonayo iboreshe kwanza. Chukua masasisho ya programu, mengi hayana malipo. Weka chaja ya ukutani iliyofungwa na fundi mwenye leseni. Soma kitabu cha gari ujue betri yako ni ya aina gani, maana ziko zinazotaka zijazwe kamili mara kwa mara na ziko zinazotaka ziishie asilimia 80. Iegeshe kivulini. Kisha lipa mkopo umalize.

Wazee wamesema usiache mbachao kwa msala upitao. Riali 5,000 ni ada za skuli za watoto, au ni paa la nyumba ya bibi huko Unguja lililosubiri miaka. Gari bora kuliko yako itatoka mwaka huu, na itakayoishinda hiyo itatoka mwakani. Siku utakapokuwa na haja ya kweli, deni limekwisha na pesa iko mkononi, utaikuta ile iliyo mpya kuliko zote, na pengine kwa bei ndogo kuliko ya leo.