UKURASA WA MWALIMU: Mukeke si mukene

Mwezi huu tulipanga kuandika juu ya kufundisha hesabu kwa kokoto. Tumeiweka kando kwanza, kwa sababu kuna jambo limetokea katika familia moja huku Rubondo, na wenyewe wameturuhusu tuliandike bila kutaja majina.

Kuna bibi mmoja, mwenyeji wa Rumonge, Burundi, pale pale kando ya Ziwa Tanganyika. Aliugua muda mrefu na chakula kikamshinda. Posho na maharage akiletewa anageuza uso. Siku moja akasema, "Nikipata mukeke hata mmoja, nitakula." Basi mama wa nyumba akauza debe la mahindi. Shemeji yake alikuwa anakwenda Mbarara, akampa mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili afuatane naye, na pesa akaifunga kwenye kitambaa. Akamwambia: "Ukifika sokoni uliza mukeke, usilete kingine."

Mtoto akafika sokoni, akauliza mukeke. Mama muuzaji akasikia mukene, akampimia mukene. Mtoto akaona ni samaki, jina linafanana, akalipa pesa yote. Jioni akarudi anacheka, kavera imejaa. Bibi alipofungua akakuta visamaki vidogo kama kidole. Alinyamaza kwanza, halafu akalia. Mama akashika fimbo. Jirani akamzuia, na asubuhi wakatuletea shauri hilo shuleni, eti walimu tuamue nani alikosa.

Tuliwasikiliza wote. Mtoto akasema, "Mwalimu, mimi huyo mukeke sijawahi kumwona. Nimezaliwa hapa." Bibi naye akasema neno lililotuuma: "Silii kwa ajili ya samaki. Nalia kwa kuwa mjukuu wangu hamjui mukeke, na mimi sikumfundisha."

Tukajitazama sisi walimu. Wengi wetu tulifika hapa tukiwa wadogo, tumebebwa mgongoni. Tunafundisha sehemu za samaki ubaoni kila mwaka: kichwa, mapezi, magamba, mkia. Lakini samaki wenyewe tunaochora hana jina wala ziwa. Kwa hiyo kosa tukaligawana, na fimbo ikarudi nyumbani bila kazi.

Baadaye tulimwomba bibi aje darasani. Alikaa kwenye kiti chini ya mti, akachukua kijiti, akachora mukeke ardhini. Kabla hajamaliza mkia, baba mmoja aliyekuja kuchukua mtoto wake, mtu wa Kalemie, akasimama akasema, "Huyo ni mikebuka!" Bibi akasema hapana, huyu ni mukeke. Wakaanza kubishana. Tukawaambia: tusibishane kwa majina, tuhesabu mapezi. Wakahesabu. Kumbe ni samaki mmoja! Burundi wanamwita mukeke, Kongo mikebuka, Kigoma mgebuka, na Zambia bukabuka. Wataalamu wa dunia nzima wanamwita Lates stappersii, ili watu wa nchi mbalimbali wasigombane kama wazee wetu.

Sasa tuwaeleze alama zake, mzikate mzibandike ukutani.

MUKEKE. Mwili wake ni mrefu na mwembamba, unang'aa kama fedha. Mdomo ni mkubwa, na taya la chini linatokeza mbele kidogo. Mgongoni ana mapezi mawili: la kwanza lina miiba, la pili ni laini. Akikua anafika karibu sentimita 45. Anaishi Ziwa Tanganyika tu, mbali na ufuko, anafukuza ndagaa na uduvi. Wavuvi humpata usiku usio na mwezi, kwa taa. Ziwa lile lina kina cha mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Lakini msidhani samaki wamejaa mpaka chini. Huko chini kabisa maji hayana hewa ya kupumua, kwa hiyo mukeke na wenzake wanakaa sehemu ya juu.

MUKENE. Huyu ni wa Ziwa Victoria na maziwa mengine ya Uganda. Kenya wanamwita omena, Mwanza ni dagaa. Ni mdogo kama kidole hata akizeeka, na mgongoni ana pezi moja tu, limekaa nyuma. Tena si ndugu wa ndagaa wa Tanganyika. Hao ndagaa wetu ni wa ukoo mwingine kabisa, na mmoja wao alipelekwa Ziwa Kivu miaka ya 1950 kwenda 1960, akawa yule sambaza ambaye watu wa Bukavu na Goma wanamjua.

MPUTA au SANGARA. Huyu ndiye ndugu wa karibu wa mukeke katika soko la Mbarara. Naye ana mapezi mawili mgongoni, la mbele lina miiba, lakini mwili wake ni mnene na anaweza kuwa mzito kuliko mtoto wa shule. Kama bibi yako anataka mukeke na hayupo, kipande cha mputa kinakaribia kuliko mukene.

MAMBA. Hapa wageni wengi wamekimbia! Mtu akikuambia kando ya Ziwa Nakivale kwamba wanauza mamba, usiogope, hasemi yule mnyama mwenye meno anayekamata watu. Kwa Kiganda mamba ni samaki mrefu kama nyoka, ambaye Kenya wanamwita kamongo. Mapezi yake ni kama kamba nyembamba, ana mapafu, na anapanda juu kuvuta hewa. Msimtatanishe na kambale, ambaye ana ndevu mdomoni na hana magamba.

Labda mtu atasema, mambo ya kutambua samaki ni ya wavuvi tu. Sivyo. Mwaka 1938 kule East London, Afrika Kusini, meli ya uvuvi ilileta samaki wa ajabu kutoka baharini. Dada mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, hakumjua, lakini hakumtupa. Alimchora, akatuma mchoro kwa barua kwa mtaalamu aitwaye J.L.B. Smith. Kwa mchoro ule Smith akatambua kwamba ni silikanti, samaki wa vilindini ambaye wataalamu walidhani aliisha duniani zamani sana, mamilioni ya miaka. Smith akasambaza karatasi zenye picha na ahadi ya zawadi ya pauni 100. Ikapita miaka 14. Mwaka 1952 mvuvi wa Komoro akampata mwingine, na aliyemtambua kutokana na karatasi ile alikuwa mwalimu wa shule wa pale pale! Wavuvi wa Komoro wenyewe walikuwa wakimjua siku zote, wanamwita gombessa. Ila hakuna aliyekuwa amewauliza. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania nao wamempata, hasa pwani ya Tanga.

Mnaona, wazazi? Wajuzi wako kwenye nyumba zenu. Wanakaa mlangoni wakiota jua, na sisi tunapita na madaftari bila kuwauliza.

KAZI YA MWEZI HUU. Kila mtoto amwombe mzee mmoja, wa kwao au wa jirani, amweleze samaki mmoja wa ziwa au mto wa nyumbani. Amchore. Aandike majina yote anayoitwa, idadi ya mapezi ya mgongoni, mdomo ulivyo, anavuliwa vipi, anapikwa vipi. Wasiotoka kwenye maji wachore mti au ndege. Karatasi mtuletee shuleni kabla ya mwisho wa mwezi, tutazibandika ukutani. Na ukimtuma mtoto sokoni, mchoree kwanza.

Mtauliza habari za bibi. Ule mukene haukutupwa. Mama aliukaanga, akaupika na nyanya na karanga, na bibi alionja kidogo. Alisema si mukeke, lakini siku ya pili aliomba tena. Mukeke wenyewe hatujampata bado. Ikiwa kuna mtu anatarajia ndugu kutoka Bujumbura au Kigoma, tafadhali atuambie. Mjukuu yuko tayari kwenda kumpokea, na safari hii anajua kuhesabu mapezi.

Tukutane mwezi ujao, na zile kokoto zetu.

Walimu wenu wa kujitolea