Hoteli ikifunga masika, dawa ya presha isifungwe

Kila Alhamisi asubuhi, Wizara ya Kazi ya Marekani hutoa takwimu inayosubiriwa na wafanyabiashara, wanasiasa na waandishi wa habari: ni watu wangapi wiki iliyopita waliwasilisha maombi mapya ya kulipwa bima ya kukosa ajira. Idadi ikipanda, nchi nzima hujua kuwa kazi zimeanza kupungua, mapema kuliko taarifa nyingine nyingi za uchumi. Machi 2020, UVIKO-19 ulipoanza kufunga biashara, maombi yaliruka kutoka kama 280,000 kwa wiki hadi zaidi ya milioni 3 wiki iliyofuata. Wiki moja baadaye yalipita milioni 6.

Unguja haina Alhamisi ya namna hiyo. Mhudumu wa hoteli ya Nungwi, Kiwengwa au Paje akiambiwa arudi nyumbani, habari zake hujulikana kwao, dukani anakokopa na barazani anakokaa. Dalili ya karibu zaidi ni hesabu ya watalii wanaoingia, ambayo Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar huitoa kila mwezi. Mwaka 2019 waliingia zaidi ya watalii 538,000. Mwaka 2020 wakashuka hadi kama 260,000. Nyuma ya kila mtalii asiyefika kuna mpishi, dereva, mfua mashuka na mvuvi aliyezoea kupeleka pweza jikoni kwa hoteli.

UVIKO ulikuja kwa ghafla, lakini masika huja kila mwaka na kila mtu anajua mwezi wake. Mvua zikianza Machi, wageni hupungua. Baadhi ya hoteli za pwani hufunga Aprili na Mei, nyingine hubaki na wafanyakazi wachache. Wenyewe huuita msimu huo lo sizoni. Wengine hupewa likizo bila malipo, wengine mikataba yao humalizika hapo na kuanza upya wageni wanaporudi kati ya Juni na Julai.

Bima ya kukosa ajira si jambo geni Tanzania. Mageuzi ya sheria za hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 yaliingiza fao la kukosa ajira kwa upande wa Bara: mwanachama aliyechangia si chini ya miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa theluthi moja ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 6. Mkataba Namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1952 nao unautaja ukosefu wa ajira kuwa moja ya matawi 9 ya hifadhi ya jamii, pamoja na matibabu, uzazi na uzee.

Mfanyakazi wa hoteli Unguja, hata hivyo, michango yake huenda katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, wenye sheria yake, kwa hiyo alilosikia kwa ndugu yake wa Dar es Salaam si lazima limhusu. Na hata kanuni za Bara zingetumika Nungwi, si kila mtu wa masika angenufaika. Aliye kwenye likizo bila malipo bado anahesabika kuwa ana kazi, ingawa mfukoni hana kitu. Na miezi 18 ya michango ni safari ndefu kwa mtu ambaye mkataba wake hukatika kila Aprili.

Mshahara unapokosekana na bima haipo, gharama haipotei. Inahamia ndani ya nyumba, na mara nyingi hulipwa na mwili wa mtu asiyelalamika.

Chukua nyumba ya kawaida ya Jang'ombe au Kwahani. Baba ni mhudumu wa mkahawa hotelini, mama anauza maandazi asubuhi, watoto watatu wako skuli, na bibi anatumia dawa za presha. Mshahara ukisimama, nyumba hiyo itapunguza vitu kwa mpangilio ambao hakuna aliyeukaa kitako kuupanga. Kodi haipunguzwi, kwa sababu mwenye nyumba atagonga mlango. Mchele haukosekani, kwa sababu watoto watalia. Dawa ya bibi haigongi mlango wala hailii. Na bibi mwenyewe, akiona hali ya mwanawe, atasema, "Mimi sijambo, mwanangu, wala kichwa hakiniumi." Vidonge vya siku moja vinagawiwa siku mbili, kisha vinakwisha.

Hapo ndipo ilipo hatari. Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili, na kutoumwa kichwa si kipimo cha kupona. Dawa ikikatishwa, presha hurudi juu kimyakimya, na taarifa ya kwanza inaweza kuwa kiharusi. Zipo dawa za presha ambazo zikiachwa ghafla huipandisha kwa kasi. Mwenye kisukari anayetegemea insulini ana muda mfupi zaidi: kukosa siku chache tu kunaweza kumfikisha hospitali akiwa hajitambui. Mshahara wa miezi miwili uliokosekana unaweza kuzaa mgonjwa wa kuuguzwa miaka kumi, na mwenye kumuuguza, aghalabu, atakuwa mwanamke wa nyumba hiyo hiyo.

Kitu cha pili kinachopungua ni mboga. Samaki, maziwa na matunda huondoka sahanini, wali na muhogo vikabaki. Tumbo linajaa, lakini mtoto mdogo na mama mjamzito wanakosa vinavyojenga mwili na damu. Kwa bahati, masika hiyo hiyo inayofunga hoteli huotesha mchicha, matembele na kisamvu. Majani hayo pamoja na dagaa, kunde, choroko au mbaazi ni chakula kamili kwa bei ndogo kuliko kuku, na hakuna haja ya kukionea haya.

Cha tatu hakionekani kwenye sahani. Mwaka 1933 watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichapisha uchunguzi wao kuhusu Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake kilifungwa na nyumba nyingi zikakosa kazi. Walitarajia watu wenye muda mwingi wasome zaidi na wakutane zaidi. Walikuta kinyume chake: vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua, na wanaume walitembea polepole barabarani, wakisimama kila hatua chache, bila haraka ya kufika popote. Wake zao hawakuwa na nafasi hiyo, maana kupika, kufua na kulea havikufungwa pamoja na kiwanda.

Anayeijua Unguja ya Mei hahitaji kufika Austria kuelewa. Mwanamme anayezoea kuamka saa 10 alfajiri kuwahi gari la wafanyakazi anajikuta hana saa ya kuamka. Usingizi unahama, anakesha na simu, hasira inakuwa karibu, na maneno madogo ya jikoni yanakuwa ugomvi. Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, mtu akapoteza hamu ya kula na kukaa na wenzake, au akaanza kusema kuwa ni bora asingekuwepo, huo ni ugonjwa unaotibika. Si uvivu wala udhaifu wa imani. Mahali pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu, na anayesikia maneno ya kutaka kufa asisubiri kesho.

Yapo mambo ambayo familia inaweza kuyafanya kabla mvua haijaanza. La kwanza ni dawa. Mwenye presha, kisukari, pumu au kifafa ahudhurie kliniki Februari au mapema Machi na kumwambia daktari waziwazi kuwa kipato kitakatika. Daktari anaweza kuchagua dawa ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile, au ile inayopatikana kituoni bila kununua. Hawezi kufanya hivyo ikiwa mgonjwa amenyamaza kwa aibu. Katika bajeti ya nyumba, dawa hiyo iandikwe pamoja na mchele, isiachwe kwenye kitakachobaki.

La pili ni karatasi. Anayepelekwa nyumbani aombe kwa maandishi: anaondoka lini, anarudi lini, mkataba umekwisha au umesimama tu, na michango yake itaendelea au la. Taarifa yake ya michango ZSSF aiangalie wakati bado yuko kazini, kwa sababu mwezi ambao haukulipwa ni rahisi kuufuatilia ukiwa mpya. Hapo hapo aulize ni mafao gani anayostahili kwa hali yake. Wenye matibabu yanayotokana na mshahara, yakiwemo ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulioanzishwa mwaka 2023, waulize kadi inaendelea kufanya kazi kwa siku ngapi mchango unaposimama. Anayehisi amedhulumiwa, mlango wake ni Kamisheni ya Kazi. Muuza maandazi naye hajasahauliwa: ZSSF ina mpango wa hiari kwa waliojiajiri.

La tatu ni mazungumzo. Wanandoa wakae mapema na kukubaliana kitakachopunguzwa na kisichoguswa, na yule aliye nyumbani mchana abebe sehemu ya kazi za nyumbani. Kumpeleka bibi kliniki au watoto skuli ni kazi yenye saa yake, na saa hiyo inamfaa anayeifanya pia.

Lakini akiba ya nyumba moja ina mwisho wake. Haba na haba hujaza kibaba, na masika mbili mfululizo hukikausha. Janga linalokuja bila taarifa ni gumu kulikatia bima. Hili la Unguja lina mwezi wake, lina sekta yake, na waajiri wanalijua tangu siku wanayosaini mkataba. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea zaidi ya watalii 736,000, idadi iliyozidi kwa mbali ile ya kabla ya UVIKO. Kisiwa kinachohesabu kila mgeni anayeingia kinaweza pia kuhesabu kila mfanyakazi anayerudishwa nyumbani Aprili, na kutenga kitu kidogo katika miezi ya neema ili miezi miwili ya mvua isilipwe na vidonge vya mzee.